Nani Atasimama Mbele? Marubani Mashirika Yao Yanapoungana

Mtu anayekaa Mutarule, au katika kijiji kingine cha bonde la Ruzizi, hana haja ya kusafiri mbali ili aone ndege. Uwanja wa Bujumbura uko ng'ambo ya mto, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na ndege inayoteremka huko huonekana kutoka huku kwetu, ikiwa imepunguza mwendo na kushusha magurudumu yake. Watoto darasani huacha kalamu wakatazama dirishani, na mwalimu mwenye busara husubiri mpaka imepita.

Siku moja, ndege ikiisha kupita, mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, kampuni ya ndege ikinunuliwa na kampuni nyingine, je, rubani naye hununuliwa pamoja na ndege?» Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile ni zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Rubani si mali, wala hanunuliwi. Lakini kuna kitu chake kimoja ambacho, siku ya mauzo, huweza kupotea bila yeye kukiuza. Kitu hicho ndicho nataka kuwaeleza leo, maana hakiwahusu marubani peke yao.

VINU VIWILI VYA MPUNGA

Tuseme kijijini mna vinu viwili vya kukoboa mpunga. Mbele ya kinu cha kwanza wamepanga mstari watu mia moja, na mbele ya cha pili watu arobaini. Wewe uko katika mstari wa kinu cha pili. Uliamka jogoo la kwanza, nawe ni mtu wa kumi. Mara mashine ya kinu chako inakatika. Mwenye kinu cha kwanza anasema kwa ukarimu: «Njoni wote, nitawakobolea.» Habari njema! Lakini utasimama wapi?

Watu wa mstari wa kwanza watasema: «Wageni wakae nyuma yetu sote. Sisi tulikuwapo, na mashine ni ya kwetu.» Watu wa mstari wako watasema: «La, tutazame saa aliyofika kila mmoja.» Na mtu wa tatu, mwenye kupenda amani, atasema: «Tuchanganye kwa kipimo: wakiingia watano wa mstari mkubwa, waingie wawili wa mstari mdogo.» Maneno yote matatu yana haki ndani yake, na kila mtu huliona upesi lile linalomfaa yeye.

Hayo ndiyo yanayotokea mashirika mawili ya ndege yanapoungana.

NAFASI YA RUBANI NI NINI?

Katika mashirika mengi makubwa ya ndege marubani wote wameandikwa katika orodha moja, kwa utaratibu wa siku walizoajiriwa. Aliyetangulia kuajiriwa yuko juu, aliyekuja jana yuko chini. Orodha hiyo ya ukongwe kazini hutawala karibu maisha yao yote. Ndiyo inayoamua nani apandishwe kuwa nahodha wa ndege, na nani akae bado katika kiti cha kuume kama rubani msaidizi; nani arushe ndege kubwa za kuvuka bahari, na nani arushe ndogo; nani akae mji ulio karibu na jamaa yake, na nani apumzike siku ya Noeli. Tena, siku mbaya zikija na shirika likipunguza watu, huanza kupunguza toka chini. Aliyekuja mwisho hutoka kwanza.

Sasa angalieni neno hili. Leseni ni ya rubani mwenyewe: akihama, huenda nayo. Saa alizoruka ni zake, na zimeandikwa katika daftari lake. Lakini nafasi yake katika orodha si yake. Ni ya shirika. Akitoka mlangoni, anaiacha nyuma. Rubani aliyekuwa nahodha miaka ishirini, mwenye saa elfu nyingi hewani, akiingia shirika lingine lenye desturi hiyo huandikwa wa mwisho kabisa, nyuma ya kijana aliyeajiriwa juma lililopita. Na kwa kuwa kanuni za kimataifa haziruhusu rubani wa ndege za abiria za safari za kimataifa kuendelea kazi baada ya miaka 65, hana miaka mingi ya kupanda tena ngazi ile ile.

Kwa sababu hiyo, habari za muungano zinapotangazwa, na wakubwa wanapohutubia juu ya hisa na faida, marubani huulizana jambo moja tu: orodha itapangwaje? Na kila mmoja humtazama mke wake usiku na kuwaza: tubaki, au tuhame mapema?

TUHESABU PAMOJA

Wanafunzi, chukueni ubao. Shirika la kwanza lina marubani 1,000. La pili lina 400. Rubani wetu ni wa 100 katika lile la pili. Yuko katika robo ya juu ya wenzake, ni nahodha, na watoto wake wanasoma. Mashirika yanaungana: jumla marubani 1,400.

Wakitumia njia ya kuwaweka wageni nyuma, rubani wetu atakuwa wa 1,100. Wakichanganya kwa kipimo, atabaki katika robo ya juu, yaani wa 350. Wakifuata tarehe za kuajiriwa, yategemea umri wa mashirika yenyewe: shirika lake likiwa changa, atateremka sana, likiwa kongwe, huenda akapanda hata kuwapita wenyeji.

Haya, mwaka wa tatu shida inakuja, na marubani 300 wa chini wanaachishwa. Wanabaki 1,100. Kwa njia ya kwanza rubani wetu ni mtu wa mwisho mwenye kazi; akiachishwa mmoja zaidi, ni yeye. Kwa njia ya pili, hata habari ya kupunguzwa haimtikisi. Mtu ni yule yule, ustadi wake ni ule ule, na ndege ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipoandikwa jina lake.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Wala hayo si hesabu za ubaoni tu. Mwaka 2001 shirika la American Airlines lilinunua shirika kongwe la TWA, lililokuwa limefilisika. Zaidi ya nusu ya marubani wa TWA waliwekwa chini ya wote. Mwaka ule ule, tarehe 11 Septemba, yakatokea mashambulio ya New York na Washington; abiria wakapungua, mashirika yakapunguza watu, na wengi wa waliotoka TWA wakapoteza kazi. Watu waliofanya kazi miaka mingi walitoka kabla ya vijana. Malalamiko yao yakafika bungeni, na Desemba 2007 ikapitishwa sheria inayotaka orodha za mashirika yanayoungana zipangwe kwa haki na usawa, na wakishindwa kupatana, waende kwa mwamuzi.

Lakini mwamuzi naye si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2005 US Airways iliungana na America West. Marubani wa US Airways walikuwa wakongwe sana, lakini shirika lao lilikuwa limefilisika na wengi wao walikuwa wameachishwa. Wale wa America West walikuwa wachanga, lakini walikuwa kazini. Wazee wakasema: «Zitazamwe tarehe.» Vijana wakajibu: «Mnaleta tarehe, lakini hamleti kazi.» Mwamuzi George Nicolau akatoa hukumu mwaka 2007. Kwa hukumu hiyo rubani aliyeajiriwa miaka kama 17 iliyopita, lakini akiwa ameachishwa, alijikuta karibu na mgeni wa miezi michache aliyekuwa kazini. Wazee wakakasirika, wakakiacha chama chao na kuunda kingine mwaka 2008. Makundi yale mawili yakaendelea kuruka mbalimbali chini ya jina moja. Hata shirika lao lilipoungana na American Airlines Desemba 2013, bado hawakuwa wamepatana. Orodha ya pamoja ilipatikana mwaka 2016. Watu walivaa sare moja miaka mingi bila kuwa nyumba moja.

Kinyume chake, tazameni Delta na Northwest, mwaka 2008. Wale walipatana juu ya mkataba wa kazi kabla muungano haujatimia. Muungano ukatimia mwishoni mwa Oktoba, na orodha ikatolewa na waamuzi mwezi wa Desemba. Sidhani kila mtu alifurahi. Lakini walijua mapema njia ya kuamua, na jambo likaisha.

MSTARI ULIOKATWA VIPANDE VITATU

Huenda msomaji atasema: «Hayo ni ya Marekani.» Basi twende karibu. Sisi Waafrika wa Mashariki tulipata kuona jambo gumu kuliko kuungana, nalo ni kutengana.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianzishwa shirika la East African Airways, mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na vindege sita vya namna ya Dragon Rapide, vyenye mabawa mawili juu na chini. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Mwaka 1960 lilipata ndege za jeti za Comet, na tangu 1966 ndege kubwa za Super VC10, tano kwa jumla, zilizokwenda mpaka Ulaya. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 walikufa. Ndege za shirika ziligawanywa katika madaftari ya nchi tatu: nyingine ziliandikwa Kenya, nyingine Uganda, nyingine Tanzania. Mwaka 1971 ilifunguliwa shule ya urubani huko Soroti, Uganda, ili vijana wa nchi zote tatu wajifunze pamoja.

Lakini nyumba iliyojengwa na ndugu watatu hutaka ndugu watatu wanaosemezana. Baada ya Idi Amin kutwaa utawala wa Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye katika baraza la wakuu. Fedha nazo zikaleta ugomvi, kila mshiriki akimnung'unikia mwenzake kwamba hatoi sehemu yake. Januari 1977 shirika likasimama. Tarehe 4 Februari 1977 Kenya Airways ikaanza kuruka, kwa ndege mbili za Boeing 707 zilizokodiwa kutoka British Midland ya Uingereza. Mwezi ule ule Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Machi 1977 ikaundwa Air Tanzania. Uganda Airlines ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1976, ikaanza safari mwaka 1977.

Sasa mfikirieni rubani wa siku zile. Orodha aliyoipanda mwaka baada ya mwaka imefutwa. Hakuna mstari wa kuchanganya. Mstari mmoja umekatwa vipande vitatu. Ikiwa alikuwa na cheti cha kurusha Super VC10, heshima ile kubwa haikumsaidia nyumbani, kwa maana hakuna hata shirika moja kati ya yale matatu lililozirithi. Zile nne zilizosalia zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza, kisha jeshi la anga la Uingereza likazigeuza kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta hewani. Ya mwisho kati yake ilistaafu Septemba 2013, miaka 36 baada ya kuondoka kwetu. 

Na kama rubani yule alikuwa Mtanzania au Mganda aliyejenga maisha yake Nairobi, swali halikuwa la mshahara tu. Arudi kwao, aanze katika shirika ambalo bado linatafuta ndege? Abaki ugenini, ng'ambo ya mpaka uliofungwa? Aende Ulaya au Uarabuni, akaandikwe wa mwisho? Mwenye kwao Uganda alikuwa na hofu nyingine tena, maana utawala wa Amin ulikuwa mkali.

Nani alichagua vema? Hapa ndipo tunapojifunza kuwa wanyenyekevu. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, na lile linaloruka kwa jina hilo tangu Agosti 2019 ni shirika jipya. Air Tanzania iliuza hisa 49 kwa mia kwa South African Airways mwaka 2002. Ushirika ule ukavunjika mwaka 2006, na shirika likadhoofu sana mpaka lilipoanza kupata ndege mpya mwaka 2016. Kenya Airways ilishirikiana na KLM ya Uholanzi, iliyochukua hisa 26 kwa mia mwaka 1996. Nayo imepata miaka ya faida na miaka ya hasara kubwa. Rubani aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1977 hakuweza kuyaona hayo yote. Hakuna aliyeyaona.

Mali na madeni ya Jumuiya vilikuja kugawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, kwa msaada wa mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht. Yaani miaka saba baada ya mlango kufungwa. Na watumishi wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania waliendelea kudai malipo yao, barabarani na mahakamani, hata baada ya mwaka 2000. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

MASWALI MANNE KABLA YA KUHAMA

Basi rubani ambaye leo anasikia kwamba shirika lake litaungana na jingine afanyeje? Waliopita njia hiyo wametuachia maswali manne.

Kwanza: je, huu ni muungano wa namna gani? Kuuziana hisa si sawa na kuunganisha orodha. KLM ilipoingia Kenya Airways, kila shirika lilibaki na marubani wake. Hali kadhalika Air Congo, iliyoanza safari zake Desemba 2024: serikali ya Kongo ina hisa 51 kwa mia na Ethiopian Airlines 49, lakini Ethiopian imebaki Ethiopian. Wengi huikimbia mvua kabla ya kutazama kama ni mawingu tu.

Pili: njia ya kupanga orodha imeandikwa? Ahadi ya mkubwa mkutanini ni upepo. Karatasi yenye sahihi, inayotaja ni nani atakayeamua wakishindwa kupatana, ina thamani kuliko nyongeza ya mshahara.

Tatu: nikihama, nitakuwa wa ngapi, na nina miaka mingapi mbele yangu? Kijana wa miaka 28 akianza upya hapotezi mengi, na huenda akapata mengi. Mtu wa miaka 50 ahesabu mara mbili. Akumbuke pia kwamba kujifunza aina mpya ya ndege ni kazi ya miezi kadhaa, na mara nyingi shirika hutaka mkataba: ukiondoka kabla ya miaka uliyoahidi, unalipa gharama za mafunzo. Mashirika ya Ghuba yamewavuta marubani wengi wa Afrika ya Mashariki kwa mishahara mizuri, na si kosa kwenda. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozisimamisha ndege, mashirika yale yale tajiri yaliwaachisha marubani wengi, na mgeni aliyeachishwa alipoteza kazi pamoja na kibali cha kukaa.

Nne: shirika langu la sasa liko hai? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ni neno la hekima. Lakini walidhani mbachao upo bado. Marubani wa TWA, na wale wa East African Airways, hawakuacha mkeka wao. Mkeka ndio uliowaacha. Kukaa kwa uaminifu katika nyumba inayobomoka si uaminifu, ni usingizi. Basi autazame mkeka wake kwanza, kwa macho makavu, ndipo amtazame apitaye na msala.

NENO KWA WENGINE WASIORUSHA NDEGE

Wasomaji, wachache kati yetu wataketi katika chumba cha rubani. Lakini vyama vya wakulima huungana, shule huunganishwa, magari ya abiria huuzwa pamoja na madereva wake. Kila mara mistari miwili inapokuwa mmoja, lile swali la vinu vya mpunga hurudi. Nimeona watu wema wakichukiana, si kwa sababu mmoja ni mwizi, ila kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema: tutapangwaje? Kanuni iliyokubaliwa kabla ya msukumano, hata ikiwa na upungufu, huokoa urafiki. Kanuni inayotafutwa katikati ya msukumano huonekana kuwa hila, hata ikiwa ya haki.

Yule mwanafunzi wangu nilimjibu hivi: rubani hanunuliwi, lakini nafasi yake hukaa mikononi mwa watu wengine, kwa hiyo na aulize wakati bado anaulizwa. Akafikiri kidogo, kisha akasema: «Basi, Mwalimu, kule kinuni mimi ningetaka tupatane kabla mashine haijakatika.»

Safari ile hapakuwa na aliyecheka.